Kinga bila mzigo: siku tatu toka Bunia mpaka ziwa Albert

Toka Bunia mpaka Kasenyi, kwenye ukingo wa ziwa Albert, ni zaidi kidogo ya kilometa 50. Magari na pikipiki za samaki zinapita njia hiyo kila siku. Lakini kwenye kare zetu za dhahabu tuko na watu waliozaliwa hapa Ituri, wamefikisha miaka 40, wanakula samaki wa ziwa kila juma, na ziwa lenyewe hawajaliona hata siku moja. Tuliuliza kwenye mkutano wa sendika: nani amekwisha kufika Kasenyi ao Tchomia? Mikono iliyoinuka ilikuwa michache sana. Basi kiangazi hiki tulitengeneza kinga zetu, tukaenda. Hatukubeba mzigo wa kuuza, na hatukuenda kununua kitu. Tunawaandikia ninyi wenzetu wa mashimo, pamoja na mama na watoto, yale tuliyoyaona njiani, na jambo moja ambalo kilima kilituonyesha, ambalo shimo lilikuwa linatuficha.

Nani walienda, na sababu gani

Tulikuwa watu saba. Wanne ni wachimbaji wa shimo. Mmoja ni mponda mawe, anatumika karibu na mashine inayosaga mawe ya dhahabu. Mmoja ni fundi wa kinga hapa mjini. Wa saba ni mama mmoja mjane, muuza samaki, ambaye ananunua Tchomia na kuuza mpaka Mongbwalu. Zamani, mbele ya pikipiki kujaa, alikuwa anasukuma kinga ya samaki yeye mwenyewe kwenye kilima kile. Ndiye tuliyemfanya kapita wa safari.

Wazo lilitoka kwenye simu. Mdogo wetu mmoja alipata picha za watu wa Norwe, inchi ya baridi kule Ulaya ya kaskazini, wanaotembea na kinga kwenye visiwa vya bahari. Wakifika kwenye maji wanaingia kwenye bac na kinga zao, wanavuka, kisha wanaendelea kwenye kisiwa kingine. Marafiki tu, na hema nyuma ya kinga. Watu kwenye kare walicheka.

“Sasa bale banaenda kufanya nini?”

Mama wa samaki akajibu: “Banaenda kuona. Na siye tuko na maji yetu hapa chini. Hata bac haina lazima.”

Tulicheka, lakini swali lilibaki. Wale watu wa picha si wafalme. Wengi ni watumishi kama sisi: mafundi, waalimu, wauguzi. Wanaweza kwenda sababu iko sheria inayowalazimisha kupumzika. Kule Norwe sheria ya mwaka 1988 inampa kila mtumishi siku 25 za kazi za kupumzika kila mwaka, ukihesabu na siku ya posho ndani, maana yake majuma manne na siku moja. Huku kwetu pia sheria iko. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kazi isipite saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma, na mtumishi mzima apate angalau siku moja ya konje kwa kila mwezi aliotumika. Ni kidogo, lakini iko. Shida ni kwamba mchimbaji wa kare hana mkataba. Hana mwajiri anayemwandika. Shimo likitoa, anashuka usiku na mchana. Shimo likikauka, anakaa na deni. Siku yake ya kupumzika ni siku ya kugonjwa ao siku ya matanga. Sisi tulichukua siku tatu wenyewe: siku ya tano, ya posho na ya yenga.

Kuuliza njia

Katika Ituri hakuna mtu anayetoka tu asubuhi na kwenda. Tuko katika hali ya dharura, état de siège, toka Mei 2021, na bunduki zilikuwepo mbele ya hapo. Juma zima mama wa samaki aliuliza madereva na wenzake wa soko: njia iko namna gani? Nani alipita jana? Alirudi saa ngapi? Tulikata mapatano matatu. Tusitoke mbele ya jua kupanda. Tusipite njiani nyuma ya saa 10 za mchana. Na mmoja akisema “turudi”, wote wanarudi bila mabishano.

Fundi alichukua kinga saba, akazipanga mbele ya duka lake. Nyingi ni zile nzito za chuma, zinazobeba gunia mbili za mihogo bila kulia. Alibadilisha mipira ya breki kwenye zote. Wengine walinung'unika juu ya bei. Yeye akasema: “Mukifika kule kwenye mutelemuko mutanishukuru.” Tulibeba pompi moja, mipira ya ndani miwili, funguo, maji, makemba ya kuchemsha, karanga, na kila mtu karatasi zake.

Bunia mpaka Bogoro

Kilometa 25 hivi za kwanza, mpaka Bogoro, ni njia ya kupanda na kushuka katikati ya majani. Asubuhi kuna baridi, na ng'ombe wanavuka njia bila haraka. Kinga isiyo na mzigo ni kitu kingine kabisa. Sisi tumezoea kuisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia. Siku ile tulipanda juu na kukanyaga, na upepo ukatupiga usoni.

Lakini njia ya Ituri haikubali kinga tupu. Kwenye kizuizi cha kwanza, kamba ilikuwa imekazwa toka mti mpaka mti. Kijana mwenye bunduki alitutazama, akatazama nyuma ya kinga, akatazama tena.

“Mizigo iko wapi?”

“Hakuna muzigo, shefu. Tuko batembezi.”

“Batembezi ginsi gani? Muko na kinga saba, hakuna hata kuku?”

Alituomba franka 500 kwa kila kinga. Mama wa samaki akamwambia kwa heshima, kama mama anavyoongea na mtoto wake: “Mwanangu, kodi inalipiwa kitu. Siye tuko na kitu gani? Tupe karatasi yenye muhuri, tutalipa.” Karatasi haikuwepo. Tuliongea, tukacheka pamoja, na nyuma ya nusu saa kamba ikashuka. Vizuizi vilikuwa vinne kwa kwenda. Viwili tulipita bure. Kwenye viwili vingine tulilipa, sababu jua lilikuwa linaenda. Mtu anaweza kusema franka 500 si kitu. Lakini hesabu vizuri: yule anayesukuma kinga ya samaki analipa kwenda, analipa kurudi, na kila franka anairudisha kwenye bei ya samaki. Anayeimaliza kuilipa ni mke wa mchimbaji, kwenye soko la Mongbwalu.

Bogoro ni njia panda. Njia moja inaenda kusini, Geti na Aveba. Nyingine inashuka ziwani. Ndiyo maana kila mtu wa vita alikitaka kijiji hiki. Tarehe 24 Februari 2003, asubuhi na mapema, kilishambuliwa, na raia wengi waliuawa, wazee na watoto pamoja. Mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu Germain Katanga juu ya shambulio hilo, Machi 2014, na akapewa miaka 12. Mwezi wa tatu 2017 waamuzi waliwatambua watu 297 waliopata hasara. Kila mmoja alipewa dola 250 za alama tu, pamoja na msaada wa nyumba, wa masomo na wa kazi.

Tulisimama pale, tukavua kofia, tukakunywa maji. Kati yetu saba kuna watu wa makabila yaliyopigana wakati ule. Hatukufanya hotuba. Kwenye shimo tunashikana kamba moja, na anayeshika kamba juu hauliziwi kabila. Mmoja wetu alisema tu kwamba mwaka ule alikuwa na miaka 18, na kama hangekuwa na kare ya kukimbilia angebeba bunduki. Kisha tukapanda kinga.

Mteremko

Nyuma ya Bogoro inchi inakatika. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1.200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko chini, mita 620 hivi. Kati ya hapo ni ukuta wa milima ambayo Wazungu waliita Monts Bleus, Milima ya Buluu, na njia inashuka kwa kujikunja-kunja kwenye mawe na vumbi. Pahali pa kwanza tulipoona maji, hakuna aliyesema neno. Halafu mmoja wa wachimbaji, mtu ambaye anashuka mita 30 ndani ya ardhi bila kuogopa, alishika kinga yake kwa mikono miwili na kusema: “Kumbe iko kubwa hivi!”

Ziwa Albert ni refu kilometa 160 hivi, na upana wake unafika kilometa 30 na zaidi. Ng'ambo, milima ya Uganda ilionekana kama moshi. Wenyeji wa ng'ambo wanaliita Mwitanzige, muua nzige, sababu nzige wakijaribu kuvuka wanachoka na kuanguka majini. Mwingereza Samuel Baker alilifikia Machi 1864 akalipa jina la mume wa malkia wake. Wakati wa Mobutu liliitwa Lac Mobutu. Majina yamebadilika, na wavuvi bado wanatega usiku.

Breki za fundi zilifanya kazi. Kwenye kona moja moto ulitoka kwenye chuma cha mbele, tukasimama tukamwagia maji. Kila tulivyoshuka joto lilipanda, na hewa ikaanza kunuka samaki mbele hata hatujaona nyumba.

Njia ya dhahabu ilipita hapa

Kasenyi leo ni muji wa samaki. Lakini wachimbaji wanapaswa kujua kwamba ilikuwa mlango wa dhahabu yetu. Mwaka 1903 watu wawili, Hannan na O'Brien, walipata dhahabu kwenye mto Agola, upande wa Kilo. Wabelgiji walifungua machimbo, ambayo baadaye yaliitwa Kilo-Moto, na babu zetu walipelekwa kutumika humo, wengi kwa nguvu. Mashine nzito hazikuweza kutoka Matadi, mbali sana. Njia fupi ilikuwa ya mashariki: toka Mombasa kwa gari la moshi, kisha kupitia Uganda mpaka Butiaba, ng'ambo ya ziwa Albert, na kuvuka mpaka Kasenyi ao Mahagi-Port. Meli iliyoitwa Robert Coryndon ilifanya kazi hiyo toka miaka ya 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda sana yakafunika bandari ya Butiaba, na meli ile ilizama mwaka 1964.

Muzee mmoja wa Kasenyi alituonyesha ukingo akatuambia: “Kilo yote ilipita hapa.” Tulitazama kama kuna kitu kilichobaki kwa ajili ya watu. Tuliona mitumbwi, nyavu, na watoto wanaoogelea.

Siku hizi maji yamepanda tena. Toka mwaka 2020 ziwa limekula nyumba nyingi kwenye kingo hizi, Kasenyi na Tchomia, na familia zimejenga upya nyuma, kisha nyuma tena. Mama aliyetupa pahali pa kulala alituonyesha mti uliosimama ndani ya maji: “Pale ndiyo jikoni yangu ya zamani.” Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayeonyesha soko.

Tchomia, siku ya posho

Tchomia iko kilometa chache kaskazini, kwa kufuata ukingo. Njia ni ya mchanga, na kinga nzito zilizama, tukashuka tukasukuma. Tulifika wakati mitumbwi inarudi. Mama wa samaki hakuwa tena mtembezi: aliitwa kwa jina toka pande zote, akafungua samaki mdomo, akatazama mashavu, akakataa bei, akacheka. Tuliona kapiteni wa urefu wa mtoto, tilapia, na wale wadogo-wadogo wanaomwagwa juu ya mchanga kukauka. Wanawake wanawageuza kwa mikono toka asubuhi, wameinama chini ya jua lile. Mmoja wa wachimbaji alijaribu nusu saa akashika mgongo. Wakamwambia: “Baba, kwenu kwenye shimo iko kivuli!”

Ile inchi ya picha kwenye simu, Norwe, nayo inaishi na samaki hivyo. Kwenye visiwa vya Lofoten wanatundika samaki wa bahari kwenye miti, upepo wa baridi unawakausha miezi mingi, na wengine wanauzwa mpaka Nigeria. Mwaka 1969 walipata mafuta ya petroli chini ya bahari yao. Mwaka 1990 waliweka sheria kwamba feza ya mafuta iingie kwenye mfuko wa inchi nzima, kwa watoto watakaozaliwa. Chini ya ziwa Albert pia mafuta yamepatikana, upande wa Uganda, toka 2006. Dhahabu yetu ilianza kutoka mbele ya mafuta yote hayo. Hakuna mtoto wa Kilo aliyewekewa mfuko.

Tuliuliza kuhusu visiwa. Ziwa letu halina visiwa vingi. Kinachojulikana ni Rukwanzi, kusini, karibu na mahali mto Semliki unapoingia. Ni kidogo, cha wavuvi. Mwaka 2007 kilitaka kuleta vita: mwezi wa nane mtumishi mmoja wa kampuni ya kutafuta mafuta aliuawa ziwani, na kila serkali ikadai kisiwa ni chake. Mwezi uliofuata marais wawili, Kabila na Museveni, walitia sahihi mapatano kule Ngurdoto, Tanzania. Tulitamani kwenda. Wavuvi walitushauri tusiende: mpaka uko katikati ya maji, hauna alama, na wavuvi wa pande zote mbili wanakamatwa na kunyang'anywa mashini za mitumbwi. Tuliwasikia.

Jioni tulikaa ukingoni. Ni uzuri mtupu, lakini watu wa pale hawalitazami ziwa kama picha. Machi 2014 mtumbwi uliozidishwa watu ulizama, umejaa wakimbizi Wakongomani waliokuwa wanarudi kwao toka kambi ya Kyangwali, na serkali yetu ilihesabu wafu zaidi ya 200. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Djugu walivuka kwenda Uganda kwa mitumbwi hiyohiyo. Yule mama mwenye nyumba alivuka, akakaa ng'ambo, akarudi. Tulimuuliza kwa nini alirudi. “Kule nilikuwa napewa chakula. Hapa najitafutia.”

Kupanda

Siku ya yenga tuliamka gizani, tukangoja jua, tukaanza kurudi. Kila mtu alijua kwamba kilima kitakuwa kigumu. Zaidi ya mita 600 za kupanda, na kinga mkononi. Tulipanga kusimama kila mara kwenye kivuli.

Nyuma ya saa moja tuliona kwamba mwenzetu mponda mawe hayuko pamoja nasi. Tuliteremka kumtafuta. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, kinga imelala, mabega yake yanapanda na kushuka. Hakuweza kumaliza neno moja. Ana miaka 38. Mama wa samaki, aliyepita miaka 50, alikuwa amekwisha kufika kona ya juu.

“Ni uzee,” akasema alipopata pumzi.

“Uzee gani? Mimi niko muzee kwako,” mmoja wetu akamjibu.

Halafu akatuambia, kidogo-kidogo. Toka mwaka jana anakohoa. Usiku analala amekaa. Kwenye mashine hatembei mbali, basi hakuna aliyeona. Alifikiri ni baridi ya usiku, akakunywa majani. Alinyamaza kwa sababu mponda mawe anayekohoa anapoteza nafasi yake, na ana watoto watano.

Tulimfunga kinga yake juu ya kinga nyingine, tukampandisha kwa pikipiki iliyopita, pamoja na mama wa samaki. Sisi tano tulimaliza kilima kwa miguu, kinga tano mkononi na mbili mgongoni mwa zingine, karibu kimya.

Muganga alichofuta kwanza ni kifua kikuu. Makohozi yakapimwa; majibu yalikuwa hapana. Picha ya kifua ikaonyesha makovu. Muganga akamuuliza kazi, akamsikiliza, akasema: ni vumbi la mawe. Silikosi.

Vumbi ambalo halionekani

Hapa tunaomba kila mchimbaji asome pole-pole, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Mawe ya dhahabu yako na kwarzi ndani, lile jiwe jeupe. Yakipondwa ama kusagwa makavu, yanatoa vumbi. Lile vumbi nene unaloliona juu ya nguo si baya zaidi. Baya ni lile dogo kabisa, lisiloonekana, linalobaki hewani na kuingia mpaka mwisho wa mapafu. Likifika pale halitoki. Mapafu yanajaribu kulizunguka, yanatengeneza makovu, na kovu halipitishi hewa. Dawa ya kuondoa makovu hayo haiko. Ugonjwa unaweza hata kuendelea nyuma ya mtu kuacha kazi. Tena unafungua mlango wa kifua kikuu, ndiyo maana mwenye vumbi anapaswa kupimwa kifua kikuu mara kwa mara. Matibabu ya kifua kikuu katika inchi yetu ni ya bure kwa programu ya serkali. Anayekuomba feza ya dawa hizo, uliza.

Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii vumbi hilo dogo. Kinachosaidia ni maji. Jiwe likimwagiwa maji mbele ya kupondwa na wakati wa kupondwa, vumbi linapungua sana. Mashine isikae ndani ya nyumba iliyofungwa. Watoto na mama wenye mimba wasikae karibu. Nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani, zioshwe.

Wenzetu wa Afrika ya Kusini walikufa kwa vumbi hili zaidi ya miaka mia moja. Waliungana, wagonjwa na wajane, wakapeleka makampuni ya dhahabu mahakamani. Julai 2019 mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano: makampuni yaweke rand bilioni 5 kwa wenye silikosi na kifua kikuu waliotumika toka 1965, na kwa familia za waliokufa. Waliweza sababu walikuwa na majina kwenye vitabu vya kampuni. Mponda mawe wetu jina lake liko wapi? Mtumishi aliyeandikwa kwenye CNSS, ugonjwa wa kazi unaweza kumpa haki. Yule wa kare ameandikwa tu kwenye daftari ya madeni ya dukani.

Yale tunayoomba

Kwa wenye mashimo na wenye mashine: pipa la maji kando ya kila mashine, na siku moja ya kupumzika kwa juma ambayo haikatwi kwenye mafungu. Mwenzetu sasa ametolewa kwenye mashine, amewekwa kwenye kuosha mchanga, na fungu lake limekuwa nusu. Tunaomba arudishiwe fungu lake lote. Alilipoteza pumzi kwenye kazi ile ile.

Kwa makooperative: andikeni majina. Nani alitumika wapi, toka mwaka gani, kazi gani. Daftari moja na kalamu vinatosha.

Kwa wakubwa wa njia: kizuizi cha usalama, tunakikubali. Feza bila karatasi, hapana.

Na kwa wenzetu wanaotaka kushuka ziwani: iko vizuri, nendeni. Ulizeni njia siku ileile, tokeni jua likiwa juu, tengenezeni breki, bebeni maji mengi, na mtu anayejulikana Tchomia. Kiangazi kinachokuja tunataka kurudi, tukiwa ishirini, na wake zetu na watoto wakubwa, kama njia itakuwa salama. Mama wa samaki amekubali kuwa kapita tena. Fundi ameanza kuhesabu breki.

Mbele ya siku hiyo fanyeni jaribio hili moja. Pandeni kilima kilicho karibu na kare yenu, pole-pole, wote pamoja. Anayebaki nyuma kwa kukosa pumzi, musimcheke, na yeye asiseme ni uzee. Mumlete kwa delege wa sendika. Tutaenda naye kwa muganga.